Zahanati ijiandae vipi ili janga lisimpoteze mgonjwa wa TB

Mwaka 2020, corona ilipoingia, dunia iliandikisha wagonjwa wapya wa TB (kifua kikuu) milioni 5.8, ilhali mwaka mmoja nyuma walikuwa milioni 7.1. Ugonjwa haukupungua, waliopungua ni waliofika kupimwa. Vifo, vilivyokuwa vikishuka kwa zaidi ya miaka kumi, vikapanda. Corona imetulia, lakini Kagera imeshapata virusi vya Marburg mara mbili, 2023 na 2025, na kipindupindu hakipigi hodi. Haya ni ya kushughulikia sasa, foleni ikiwa bado ya kawaida.

Wengi wakisikia maandalizi huwaza barakoa. Mimi ningeanza na rejesta. Fungua ukurasa wa walio kwenye dawa leo, shuka na safu ya simu. Utakuta namba ya jirani, namba isiyopatikana, na pengine namba ya kaka aliyehamia Dar es Salaam. Mgonjwa akija kuchukua dawa, ipige hapohapo mbele yake uone kama inaita. Chukua na ya pili, ya msimamizi wake wa dawa nyumbani, kisha andika njia ya kufika: nyuma ya msikiti, nyumba ya pili baada ya fundi baiskeli. Kama simu ni ya jirani, muulize mgonjwa jirani huyo anajua nini. Hajui kitu? Basi atakayepiga aseme tu anatoka zahanati, aishie hapo. Siri ikivuja kwa simu moja, mgonjwa mwenyewe ndiye atakayekukimbia.

Kisha watu. Zahanati nyingi zina muuguzi mmoja anayeijua TB, na janga likija huyohuyo ndiye anayepelekwa kwenye chumba cha kutenga wagonjwa au timu ya chanjo. Mfundisheni wa pili mapema: asome kadi, ahesabu vidonge, ajaze fomu ya sampuli, na ajue kwamba macho yakiwa ya njano dawa husimamishwa na mgonjwa huonwa na mganga siku hiyohiyo. Ufunguo wa kabati la dawa nao usikae kwenye mkoba wa mtu mmoja.

Kwa dawa, hesabu si ngumu. Tiba ya kawaida ya mtu mzima ni miezi sita: miwili ya vidonge vyenye dawa nne ndani yake, minne ya vyenye dawa mbili. Angalia kila mgonjwa amebakiza siku ngapi na uzito wake unadai vidonge vingapi, ongeza akiba, umpelekee mratibu wa TB na ukoma wa wilaya kabla magari hayajapangiwa kazi nyingine. Amueni pia nani anaweza kubeba dawa za mwezi mzima. Aliyefika mwezi wa tano huhitaji maneno machache. Wa wiki ya pili ni mtu mwingine kabisa: tumbo linamchafuka, mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa, na kama hakuambiwa kwamba hiyo ni rangi ya dawa tu, ataziacha. Huyo apigiwe kila wiki. Mwenye VVU, tarehe yake ya TB na ya CTC, kliniki ya VVU, ziwekwe siku moja.

Mlangoni ndipo wapya wanapopotea. Corona na TB zote zina kikohozi na homa, ila corona huja kwa kasi ndani ya siku chache, na TB hujivuta: wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, nguo zinampwaya. Anayekaa mlangoni akishauliza la janga, asiishie hapo. Aulize kikohozi kimeanza lini. Kipimo cha janga kisipoonyesha ugonjwa haina maana mtu hana TB, na anaweza kuwa na vyote viwili. Makohozi yatolewe nje, penye upepo, mbali na foleni, kamwe si chooni. Jina liandikwe kwenye kopo, maana vifuniko hubadilishana. Madirisha yafunguliwe pande mbili, hata Makete mwezi wa Juni. Benchi linaweza kuhamia juani.

Maabara nayo ina lake. Mashine ya GeneXpert, inayopima TB kwenye makohozi, ilitumika kupima corona pia, kwa hiyo ulizeni sasa sampuli za TB zitapewa nafasi gani, nani atalipa bodaboda ya kuzipeleka, na kama hadubini ya kituo cha jirani bado inafanya kazi.

Mkimaliza, chagueni siku moja ya kliniki muuguzi wa TB abaki nyumbani bila wagonjwa kujulishwa. Anayefika asubuhi akiambiwa “njoo kesho, mwenyewe hayupo,” mmeshajua pa kuanzia.