Risasi ulizojaza mwenyewe zinabana kwenye chemba? Angalia haya kabla hujagusa dai ya kubania maganda

Haya wandugu, msimu wa kulungu ndo huo unakaribia na kila mwaka huku Marekani swali linarudi lilelile: mtu kajaza risasi zake mwenyewe mezani kwa maganda yaliyokwisha kupigwa, zinang'aa, zinapendeza, afu akitia kwenye bunduki bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba, pale risasi inapokaa) inagoma kufunga mpaka asukume. Na jibu analopewa fasta ni moja tu, "shusha dai kidogo", yaani kile kibanio cha chuma kinacholirudisha ganda kwenye umbo lake. Mi nasema usiguse dai kwanza. Ganda linaweza kubana begani (pale linapoanza kusinyaa), shingoni, mdomoni au karibu na kitako, na kila sehemu ina dawa yake, sasa ukishusha dai wakati tatizo ni shingo ndefu unakuwa umeharibu ganda na ugonjwa uko palepale. (Walio nyumbani Afrika Mashariki, hii si ya kujaribu, sheria za risasi huko ni kali na ni nyingine kabisa, naongea na wenye bunduki halali ya kuwindia huku ambako kujaza mwenyewe ni hobi ya kawaida.)

Kabla ya yote, risasi nzima yenye baruti na praima (kile kiwashio cha kitakoni) usiihangaishe kwenye chemba ukiwa sebuleni. Ikigoma usiigonge bolti na kiganja wala nyundo. Na usirudishe risasi iliyojazwa kwenye dai ya kubania eti uinyooshe, kuna watu wanauliza hili kila mwaka na jibu ni hapana. Ivunje kwa kifaa cha kutolea vichwa (ile ncha inayoruka ukifyatua), uanze upya na ganda tupu.

Kisha itazame bunduki yenyewe. Safisha chemba vizuri, kaboni hujikusanya pale mdomo wa ganda unapoishia na ikiwa nyingi inabana kabisa. Ukienda kiwanja cha shabaha jaribu risasi ya dukani ya saizi hiyohiyo, kama nayo inabana basi acha kulaumu maganda, peleka bunduki kwa fundi.

Kama ya dukani inaingia laini, sasa chukua ganda tupu ulilokwisha kulibana kwenye dai, halina praima, halina baruti, halina kichwa. Toa pini ya kufyatulia kwenye bolti, na ile springi ya kurushia maganda kama unaweza, maana hizo mbili zina uzito wake na zitakudanganya mkono. Bolti iliyovuliwa hivyo inatakiwa idondoke yenyewe chini ikiwa na ganda zuri ndani. Hapa ndo njia panda: ganda tupu likigoma kuingia, tatizo ni vile ulivyolibana kwenye dai au urefu wake. Likiingia laini ila risasi kamili inabana, tatizo umelitengeneza baadaye ulipokuwa unaweka kichwa au praima.

Tuseme linabana likiwa tupu. Lipake lote kalamu nyeusi ya maka, liingize, lifunge, litoe, utaona rangi imekwanguka wapi. Ikikwanguka mdomoni pima urefu kwa kalipa (rula ya taya ya kupimia vipimo vidogo). Kwa risasi za saizi ya .308 Winchester mwisho ni inchi 2.015 na wengi tunakata hadi 2.005, shaba hutambaa kwenda mbele kila unapopiga na kubana kwa hiyo ganda la zamani lisilokatwa lazima lipite. Hili usilichukulie poa, mdomo mrefu ukigota mwisho wa chemba unakibana kichwa kisiachie na presha inapanda vibaya sana.

Ikikwanguka begani, hapo ndo penye utamu na ndo watu wanapochanganyikiwa. Ganda lililobanwa nusunusu linaweza kutoka REFU kuliko lilivyoingia! Dai inaanza kubana tumbo, shaba haina pa kwenda, inapanda juu na kusukuma bega mbele, halafu wewe unaishia hapo kabla dai haijaligusa bega kulirudisha. Naye anayebana shingo tu bila tumbo anafurahi mara kadhaa za mwanzo afu ghafla bolti inaanza kuwa nzito, maana bega na tumbo havirudishwi. Sababu nyingine ni ile gololi ya chuma ya ndani ya dai inayopanua shingo, ikipita kwenye shingo kavu inavuta bega juu, paka mafuta kidogo ndani ya shingo uone tofauti. Na shaba iliyopigwa mara nyingi inakuwa ngumu, unaibana inarudi kama springi, hiyo inataka kupashwa moto shingoni au kutupwa.

Ukishajua kweli ni bega, ndipo gusa dai, lakini taratibu. Nyuzi za dai za kawaida ni 14 kwa inchi, kwa hiyo hata robo ya mzunguko ni karibu inchi 0.018, na wewe unachotafuta ni inchi 0.001 au 0.002 tu kwa bunduki ya bolti, 0.003 au 0.004 kwa ile inayojijaza yenyewe. Pima ganda lililopigwa kwenye bunduki yako, kitako hadi begani, pima lililobanwa, linganisha. Ukirudisha bega kupita kiasi ganda linanyooka kila unapopiga hadi linakatika karibu na kitako, ukiona mstari unaong'aa umezunguka hapo usilitumie tena.

Rangi ikikwanguka chini karibu na kitako mara nyingi ni maganda ya kuokota kiwanjani, yalipigwa kwenye bunduki ya mtu mwingine yenye chemba pana. Dai ya kawaida haifiki chini vya kutosha, kuna dai maalum ya kubania kitako, au achana nayo tu, bei ya maganda si kitu cha kufa nacho.

Upande wa pili, tupu laini ila kamili inabana: kwanza pitisha kidole kitakoni, praima isizidi usawa, iwe sawasawa au ndani kidogo. Ikijitokeza ni hatari, si usumbufu tu. Pili ni dai ya kuwekea kichwa iliyoshushwa mno, inakunja mdomo na kuvimbisha bega kidogo sana hata jicho halioni, ipandishe. Tatu ni kichwa kilichokaa mbele mno kinagota kwenye mifereji ya mtutu, utaona mikwaruzo midogo juu yake, kirudishe ndani kufuata kipimo cha kitabu chako cha kujazia.

Ukishapata jibu tengeneza dami mbili tatu zisizo na baruti wala praima, ziingize kupitia magazini, zote zikipita ndo ujaze za msimu, na kila moja ipite kwenye geji (kipimo chenye umbo la chemba) kabla haijaingia boksini.