SOMO: Namna ya kukagua makala ya mwimbaji kijana kwenye Wikipedia ya Kiswahili

Wanajumuiya, salaam. Hili ndilo somo mliloliomba wengi tangu tulipoanza kupitia makala za wasanii wa Bongo Fleva, taarabu na singeli. Mfano wangu utakuwa Zuchu, kwa kuwa habari zake za msingi zinajulikana: jina lake ni Zuhura Othman Soud, mzaliwa wa Zanzibar, binti wa mwimbaji wa taarabu Khadija Kopa, na alitambulishwa na lebo ya WCB Wasafi Aprili 2020. Sisemi makala yake ina kasoro nitakazozitaja. Namtumia ili sote tuwe tunamfikiria mtu mmoja.

Msimamo wangu ni huu, na nitaurudia: kagua vyanzo kabla ya kugusa lugha. Wakaguzi wengi wapya huanza na koma, herufi kubwa na mpangilio wa aya. Makala inabaki inapendeza, na uongo uliokuwamo unapata nguo mpya. Msomaji akiona Kiswahili safi huamini zaidi. Na anayeandikwa hapa ni mtu aliye hai, kijana, pengine ndiyo kwanza ametoa wimbo wake wa pili. Tunachokiandika kitasomwa na mtangazaji atakayemhoji kesho, na kitaonekana kila mtu atakapolitafuta jina lake kwenye simu.

Hatua ya 1: Soma yote, kisha ufungue historia

Soma makala mwanzo hadi mwisho bila kubofya "Hariri". Halafu nenda "Fungua historia" uangalie nani aliianzisha, lini, na ni akaunti zipi zilizoongeza sehemu kubwa. Akaunti ambayo haijawahi kuhariri kitu kingine ila msanii huyo na lebo yake si lazima iwe na nia mbaya, lakini inakupa sababu ya kusoma michango yake kwa makini.

Chukua sentensi moja au mbili zenye mbwembwe, uziweke ndani ya alama za kunukuu, uzitafute mtandaoni. Zikitokea neno kwa neno kwenye wasifu ulioandikwa na lebo au kwenye maelezo ya video, huo ni ukiukaji wa hakimiliki. Usijaribu kubadilisha maneno mawili matatu. Ondoa sehemu yote, kisha iandikwe upya kutoka vyanzo vingine.

Hatua ya 2: Kila dai na chanzo chake

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na ndivyo inavyotakiwa. Fungua kila kiungo kwenye marejeo. Kila kimoja. Jiulize maswali matatu: ukurasa upo? Unasema kile ambacho makala inadai unasema? Aliyeandika ni nani, na ana uhusiano gani na msanii?

Swali la pili ndilo linalonasa makosa mengi. Sentensi inasema msanii "alishinda tuzo", ukifungua chanzo unakuta aliteuliwa kuwania. Au inasema "alizaliwa na kukulia Zanzibar", chanzo kinataja kuzaliwa tu. Sahihisha makala ilingane na chanzo, hata kama wewe binafsi unaamini ile nyingine ndiyo kweli.

Tovuti za habari za kwetu hupoteza kurasa za zamani mara nyingi. Kiungo kikiwa kimekufa usikifute haraka. Kitafute kwanza kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, na ukikipata ongeza kiungo cha nakala iliyohifadhiwa.

Sasa hatari ambayo wakaguzi wengi hawaijui. Mtu anaandika kwenye Wikipedia dai lisilo na chanzo. Blogu ya burudani inalinakili bila kusema imelitoa wapi. Mwaka unaofuata mhariri mwingine, kwa nia njema kabisa, anaitaja blogu ile kuwa chanzo cha dai lile lile. Duara limefungwa, na uongo umepata cheti. Dawa yake ni kulinganisha tarehe: tafuta kwenye historia siku dai lilipoingia, kisha uangalie siku blogu ilipochapisha. Ikiwa Wikipedia ilitangulia na maneno yanafanana, hicho si chanzo.

Kuweni wakali hasa na madai ya "wa kwanza". Makala za waimbaji vijana zimejaa "msichana wa kwanza Afrika Mashariki kufanya hivi na vile". Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alisafiri kwenda Bombay, India, kurekodi santuri mwaka 1928. Mwenye kudai u-kwanza leo anasimama mbele ya historia ndefu ya wanawake wa pwani, kwa hiyo dai hilo linahitaji chanzo huru kilichochunguza, si bango la lebo. Kama chanzo pekee ni lebo yenyewe, ama liondoke, ama liandikwe wazi kwamba lebo ndiyo inayosema.

Hatua ya 3: Je, anastahili makala?

Wikipedia ya Kiingereza ina orodha ya vigezo vya wanamuziki: kuingia kwenye chati ya taifa, kupata cheti cha mauzo, tuzo kubwa, albamu mbili au zaidi na lebo kubwa. Vigezo hivyo vilitungwa kwa nchi zenye chati rasmi za kila wiki. Kwetu vingi havishiki. Hata Tuzo za Muziki Tanzania zilisimama baada ya 2015 hadi ziliporejea 2022, kwa hiyo kuna kizazi kizima cha wasanii ambacho huwezi kukipima kwa tuzo hizo.

Kigezo kinachobaki imara ni habari za kina, kwenye vyombo kadhaa vinavyojitegemea. Mwananchi, HabariLeo, Nipashe, BBC Swahili, DW Kiswahili, Nation na The Citizen huandika kuhusu wasanii. Lakini angalia aina ya habari. Aya mbili za "msanii fulani ameachia wimbo mpya" ni tangazo lililopitia mezani kwa mhariri. Makala inayoeleza safari yake, iliyoongea na watu wengine, iliyoupima muziki wake, hiyo ndiyo yenye uzito.

Hatua ya 4: Maisha binafsi

Mwezi Mei 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John na Robert Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu. Aliyeuandika alikiri baadaye kwamba alikuwa akimtania mfanyakazi mwenzake. Ulikaa zaidi ya miezi minne bila kuondolewa. Kutokana na kisa hicho zikazaliwa kanuni kali kuhusu makala za watu walio hai, na tangu 2010 kwenye Wikipedia hiyo wasifu mpya wa mtu aliye hai usio na chanzo hata kimoja unaweza kupendekezwa ufutwe kwa sababu hiyo tu. Seigenthaler alikuwa mzee aliyeweza kujitetea gazetini. Binti wa miaka kumi na tisa mwenye wimbo mmoja redioni hana hilo.

Kwa hiyo dai baya au la faragha lisilo na chanzo madhubuti huondolewa papo hapo. Halisubiri mjadala, wala haliwekewi alama ya "chanzo kinahitajika" likaendelea kusomwa.

Kwenye muziki wetu hili lina sura yake maalumu: kiki. Mahusiano ya kimapenzi, ugomvi na kuachana hutangazwa wiki ya kutoa wimbo na kukanushwa wiki inayofuata. Ukiyaingiza, ensaiklopidia imekuwa sehemu ya promosheni, na mara nyingi anayebaki na doa ni msichana. Subiri. Kama jambo lina uzito, litaandikwa kwa utulivu na vyombo vinavyoaminika hata baada ya wimbo kupoa.

Tarehe ya kuzaliwa: iwekwe siku, mwezi na mwaka pale tu inapochapishwa kwa upana au mhusika mwenyewe ameitangaza. Vyanzo vikipingana, andika miaka yote miwili na chanzo cha kila mmoja. Wasomaji wa taarabu hawatashangaa. Mwimbaji Bi Kidude alifariki Aprili 2013 na mpaka leo hakuna anayeweza kutaja kwa uhakika mwaka aliozaliwa.

Akiwa chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamhesabu ni mtoto, nasi tumtendee hivyo. Jina la shule, mtaa anaoishi, majina ya wadogo zake, afya yake: vyote nje, hata kama mzazi mwenyewe amevitaja kwenye mahojiano.

Hatua ya 5: Lugha

Sasa ndiyo uguse lugha. Ondoa "malkia", "sauti ya dhahabu", "anayetikisa jiji". Weka badala yake tukio, tarehe na jina la mchambuzi aliyesifu. Makala iliyotafsiriwa kwa mashine isomeni kwa sauti. Sentensi inayokukwamisha ulimi iandike upya kabisa kutoka kwenye maana. Na mashairi ya nyimbo yana mwenyewe. Mstari mmoja unaojadiliwa unatosha. Wimbo mzima hauruhusiwi.

Hatua ya 6: Picha

Picha ya Instagram hairuhusiwi, hata msanii akikuambia "chukua tu". Haki kwa kawaida ni ya mpiga picha, na yeye ndiye anayepaswa kuitoa kwa leseni huru kupitia Wikimedia Commons, hazina ya picha ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia. Picha uliyoipiga mwenyewe kwenye tamasha ni nzuri kuliko zote. Kwa msanii mtoto, chagua ile ya jukwaani akiwa kazini.

Hatua ya 7: Andika ulichokiona

Nenda "Majadiliano", eleza ulichoondoa na kwa nini, na kilichobaki bila uhakika. Mistari mitano inatosha. Bila hiyo, atakayekuja baada yako ataanza upya, au atarudisha ulichokitoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Arusha: Shikamoo mwalimu. Mimi ni shabiki wa huyo dada damudamu, mpaka marafiki zangu wananijua. Naruhusiwa kukagua makala yake?

Marahaba. Unaruhusiwa, na mashabiki mara nyingi ndio wanaojua vyanzo viliko. Jipime kwa jambo moja: unaweza kuacha mapitio mabaya ya albamu yake yabaki kwenye makala kama yana chanzo kizuri? Ukiweza, karibu. Tofauti iko kwa meneja, ndugu au anayelipwa. Tangu 2014 masharti ya matumizi ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, yanamtaka anayelipwa kuhariri atangaze hivyo. Huyo apendekeze mabadiliko kwenye Majadiliano, wengine wayaingize.

Mwanachama, Mbagala: Mkuu, mbona mnatuonea watu wa singeli? Msanii wangu ana watazamaji zaidi ya milioni YouTube, ngoma zake zinapigwa kila kigodoro, makala ikafutwa.

Ndugu yangu, uchungu wako nauelewa, na ni kweli magazeti yalichelewa kuuandika muziki huu. Lakini idadi ya watazamaji inaonyesha umaarufu, haitupi habari za kuandika. Tungeandika nini zaidi ya namba? Mahojiano peke yake pia hayatoshi, kwa sababu ni maneno yake mwenyewe. Anzisha rasimu kwenye ukurasa wako wa majaribio, kusanya makala huru mbili tatu za kina, kisha uniite tuipitie pamoja. Na tafuta pia kwenye vyombo vya nje, maana singeli imeandikwa sana Ulaya kwa sababu ya matamasha ya huko.

Mwanachama, Muscat: Mimi nina magazeti ya zamani ya Zanzibar na kanda za mama yake Zuchu. Hayamo mtandaoni. Yana faida?

Faida kubwa sana, bibie. Chanzo hakilazimiki kuwa mtandaoni. Taja jina la gazeti, tarehe, kichwa cha habari, mwandishi na ukurasa. Maelezo ya jalada la kanda yanatosha kuthibitisha nani aliimba na nani aliitoa. Tafadhali usipakie jalada lenyewe, lina hakimiliki.

Mwanachama, Nakuru: Kuna mhariri anarudisha uvumi wa mapenzi kila nikiutoa. Tumeshafika mara nne leo. Nifanye nini?

Kwa uvumi wa namna hiyo kuhusu mtu aliye hai, uko upande sahihi, lakini usipigane peke yako. Fungua mjadala, mtaje kwa jina la akaunti yake na kwa heshima, mwombe alete chanzo. Wakati huo huo mwarifu mkabidhi, yaani mhariri mwenye mamlaka ya kulinda na kufuta kurasa, kwenye ukurasa wa Jumuiya na umpe viungo vya mabadiliko hayo. Anaweza kuilinda makala kwa siku kadhaa.

Mwanachama, Morogoro: Mtu ameandika kwenye Majadiliano akisema yeye ndiye mwimbaji mwenyewe, anaomba tarehe yake ya kuzaliwa na jina la shule viondolewe. Tutajuaje kama ni yeye kweli?

Kwa ombi hili huhitaji kujua. Jina la shule halina kazi kwenye makala, liondoe sasa hivi. Tarehe, kama haijachapishwa kwa upana, bakiza mwaka tu. Usimwombe kitambulisho hadharani, na kama ameacha namba ya simu pale, ifute. Akitaka kujithibitisha, aandike barua pepe kwa timu ya Wikimedia ya kupokea barua, ambayo huzishughulikia kwa faragha. Kisha kumbuka kwamba ulichofuta bado kinasomeka kwenye historia: mwombe mkabidhi ayafiche matoleo hayo, kwa ujumbe wa faragha, usitangaze kwenye ukurasa wa Jumuiya. Ukinitumia kiungo cha makala kwa faragha leo jioni, nitalifuatilia pamoja nawe.