Jinsi ya kuomba cheti cha zimamoto kwa stoo ya gesi Moshi: anza na mchoro, barua baadaye

Ndugu zangu mnaofungua stoo za mitungi ya gesi huku Moshi, Majengo, Pasua mpaka Himo, naomba mnisikilize kabla hamjapeleka barua zimamoto. Wengi tunakimbilia karatasi wakati jengo lenyewe halijakaa sawa, mkaguzi akija anakurudisha mwanzo na kubomoa ukuta ni hela kuliko kuchora upya.

Kwahiyo kwanza mchoro. Mwambie mchoraji wazi kabisa kwamba humu inakaa gesi, maana moto na mlipuko ni vitu viwili, moto unakula ukuta taratibu ila mlipuko unausukuma mara moja. Wenzetu wa majukwaa ya mafuta baharini hili wamelijua kwa msiba. Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, kuta za kuzuia moto zilikuwepo lakini zilijengwa kuhimili moto wa mafuta tu, mlipuko wa kwanza ukazipasua, moto ukasambaa na watu 167 wakafa. Ripoti ya Lord Cullen, jaji aliyechunguza msiba huo, ikatoka 1990, na baada ya hapo Uingereza kila mwenye jukwaa anatakiwa aonyeshe kwa maandishi hatari zake kubwa ni zipi na amezidhibiti vipi.

Sasa njoo kwenye stoo yako. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Mimi fundi aliniwekea matundu juu tu karibu na renta, huku chini kapiga plasta safi kabisa, nilipoinama nikaweka kiganja sakafuni hakuna upepo hata kidogo, yaani gesi ikivuja ingetulia pale pale ikisubiri cheche. Tukatoboa tofali za mstari wa chini kuta mbili zinazotazamana tukaweka wavu. Paa weka bati, tafadhali usimwage zege, mlipuko ukitokea bati linaruka presha inatoka, zege inaibana mpaka kuta zinafumuka. Swichi ya taa iwe nje. Na mtaro usiwe karibu, gesi inaingia humo inakaa.

Mchoro upeleke manispaa pamoja na maombi ya kibali cha ujenzi, zimamoto nao wanaupitia.

Jengo likiisha ndo unaandika barua kwa Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji Mkoa wa Kilimanjaro kuomba ukaguzi. Weka jina la biashara, TIN, mtaa, simu, halafu idadi ya mitungi kwa saizi zake, kilo 6 ngapi, kilo 15 ngapi, kilo 38 ngapi. Usiandike tu "stoo ya bidhaa", ukificha gesi unakaguliwa kama duka la unga. Ambatanisha kopi ya mchoro.

Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe, mitungi ya kuzimia moto iwe imefanyiwa sevisi. Akikuandikia mapungufu rekebisha umwite tena. Malipo ni kwa kontro namba, usimpe mtu keshi mkononi. Cheti ni cha mwaka mmoja, kisiishe ndo uanze kuhangaika. Mambo ya leseni ya gesi yenyewe ni EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, ofisi yao ya kanda ya kaskazini iko Arusha.

Halafu 114, namba ya zimamoto, iandike kwa rangi mlangoni upande wa nje, maana atakayesikia harufu usiku ni jirani, wewe uko Arusha umefuata mzigo.