Somo: Utajuaje mwanahistoria wa ukoloni anaaminika? Tuchukue mfano wa Maji Maji

Ndugu zangu, wengi mnauliza mbona vitabu vinapingana kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, watu wa kusini mwa Tanzania ya leo walipopigana na watawala Wajerumani. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Tafuta mwandishi analinda nini. Gustav Adolf von Götzen ndiye aliyekuwa gavana wa Kijerumani vita vilipozuka. Mwaka 1909 akatoa kitabu chake. Anapoeleza chanzo, lawama nyingi anawatupia waganga na ushirikina. Sasa jiulize: kama chanzo ni kodi na pamba ya kulazimishwa, nani angebanwa? Yeye mwenyewe. Gavana aliyemfuata, Albrecht von Rechenberg, hakuwa na sera hiyo ya kutetea, na aliyapa uzito malalamiko ya kiuchumi. Wote wawili Wajerumani, wote watawala. Kwa hiyo "ni Mzungu, ni mwongo" si kipimo.

Hatua ya 2: Angalia anachokiri. Götzen huyohuyo hafichi kwamba njaa ilitumika kama silaha, vijiji na chakula vikateketezwa. Hapo mwamini, maana hakuwa na sababu ya kujisingizia.

Hatua ya 3: Chunguza hesabu. Hapa msipite haraka. Waliokufa upande wa Wajerumani tunapewa Wazungu 15 na wanajeshi Waafrika 389, wamehesabiwa mmoja mmoja. Wananchi? Makadirio ya serikali: 75,000, namba ya mviringo. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na njaa, ambayo wazee wa kusini waliiita fugufugu. Aliyekufa kwa risasi anaonekana. Mtoto aliyekufa porini miezi kadhaa baadaye, baba hayupo na ghala limechomwa, nani alimwandika? Mimi kila nikisoma namba hizo huanza na huyo mtoto.

Hatua ya 4: Sikiliza wenyeji, nao uwapime. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, wakiongozwa na Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini kuwahoji wazee. Bila kazi ile tungejua kidogo sana kuhusu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa yaliyoaminika kuzuia risasi, au pamba iliyong'olewa kijijini Nandete, Umatumbi, kuwa ishara ya kuanza vita. Lakini ilikuwa miaka saba tu baada ya uhuru, taifa likitafuta mizizi ya umoja. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba kila eneo lilikuwa na sababu zake za kupigana, na wengine walisimama na Wajerumani.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, shikamoo. Bibi yangu anasimulia risasi kugeuka maji. Huo ni ushahidi?*
Marahaba, mwanangu. Ni ushahidi wa imani iliyowapa watu ujasiri. Muulize aliisikia kwa nani, na kijiji cha jirani wanasimuliaje. Andika maneno yake kama anavyoyatamka, usimsahihishe.

*Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu vita hivi si ndio sauti yetu halisi?*
Ni hazina, dada. Ila alikuwa mtu wa Lindi, mjini pwani. Usidhani mkulima wa milima ya Umatumbi aliona mambo vilevile.

*Kwenye insha niandike 75,000 au 300,000?*
Andika zote, na mbele ya kila moja mtaje aliyehesabu na kama waliokufa kwa njaa wamo.