Somo: Kupanga taa za banda la maonyesho, Sabasaba na Nane Nane

Pita Sabasaba jioni, pale viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, uangalie mabanda ya wajasiriamali. Mengi yana tubu mbili darini, mwanga umeenea sawasawa mpaka kwenye kona na kwenye kiti cha muuzaji. Banda linaonekana, bidhaa hazionekani. Somo hili ni la banda dogo la mita 3 kwa 3. Nataka mwanga uende kwenye kile unachouza.

Hatua ya 1: Jua banda linatazama wapi. Sabasaba huangukia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, na wakati huo jua la Dar limeegemea kaskazini hata saa sita mchana. Banda linalofunguka kaskazini litapigwa jua mchana, la magharibi litapigwa alasiri. Hakuna balbu inayoshindana na jua. Sogeza bidhaa yako kuu ndani, ukutani kwenye kivuli, taa ipate kufanya kazi. Jua huzama kama saa kumi na mbili na robo, na watu bado wanatembea.

Hatua ya 2: Chagua bidhaa moja au mbili, uziangaze hizo. Ziwe na mwanga mara tatu hadi tano kuliko zinazozizunguka, maana jicho hukimbilia penye tofauti. Hapa wengi hupata tabu, kwa kuwa kuzima tubu uliyoilipia kunauma. Izime, au bakiza moja nyuma.

Tumia spotilaiti ndogo za LED. Usizining'inize juu kabisa ya bidhaa: sehemu ya mbele itaingia kivulini na lebo haitasomeka. Iweke taa upande wa mteja, iinamie bidhaa. Ikiwa iko mita 1 juu ya bidhaa, isogeze mbele kama sentimita 60. Halafu simama njiani wanapopita watu. Ikikuchoma macho, igeuze. Usiipandishe juu mno, kwa sababu umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo.

Hatua ya 3: Rangi ya mwanga. Soma boksi. Kelvini 2700 hadi 3000 ni mwanga wa njano, 4000 ni mweupe wa kawaida, 6500 ni mweupe unaoelekea bluu. Mikate, viungo na vinyago vinapendeza kwenye njano. Vitenge vipe 4000, na utafute CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi) ya 90 kwenda juu, la sivyo nyekundu itapooza. Mpingo humeza mwanga, kwa hiyo mulika kinyago kutoka ubavuni ili alama za patasi zitoe vivuli. Wauza tanzanite wawe na taa mbili: kwenye mwanga mweupe jiwe huvuta bluu, kwenye njano huvuta zambarau. Mteja ana haki ya kuliona kwa namna zote mbili kabla hajalipa.

Hatua ya 4: Umeme. Spoti kumi za wati 10 ni wati 100 tu. Birika la chai linaweza kula wati 2000, lisikae kwenye ekstensheni moja na taa. Ekstensheni ya kuzungusha ikunjue yote, ikiwa imeviringwa hupata joto. Kuunga kwenye laini ya uwanja mwachie fundi umeme.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nauza asali ya Tabora, taa niiweke mbele au nyuma ya chupa?*
Marahaba. Nyuma, na katikati weka plastiki nyeupe isiyo angavu ili mwanga utawanyike. Asali itang'aa yenyewe. Mbele weka taa hafifu kwa ajili ya lebo. Chupa za maonyesho zitenge na za kuuza, joto la siku nyingi huharibu asali.

*Mkuu, mkanda wangu wa LED wa volti 12 unawaka vizuri mwanzoni, mwishoni unafifia. Ni feki?*
Si lazima. Volti hupungua kadiri mkanda unavyorefuka. Lisha umeme pande zote mbili, au ukate vipande vifupi kila kimoja na waya wake kutoka kwenye adapta. Ukinunua mwingine, chukua wa volti 24 na adapta yake.

*Nane Nane ya Dodoma napewa banda la turubai la bluu. Nguo zote zinabadilika rangi, niongeze taa?*
Mchana taa hazitakusaidia, dada, turubai lenyewe ndilo linalopaka kila kitu bluu. Tandaza shuka jeupe zito chini ya dari nzima, na nguo zenye rangi nyepesi uzitundike karibu na mlango. Usiku spoti zitatosha. Shuka lisiguse taa hata kidogo.