Somo: Kuendesha programu uliyopakua bila kuzima ulinzi wa Windows

Kila wiki swali ni lile lile: "Windows imekataa programu yangu, nizime nini?" Usizime chochote. Kagua faili moja, ipe hiyo ruhusa, ulinzi ubaki kwa nyingine zote.

1. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. VLC, kicheza video, iko videolan.org. Matangazo ya juu kwenye utafutaji yaruke.

2. Washa viendelezi vya majina vionekane, ili "risiti.pdf.exe" ijulikane kuwa ni programu, si hati.

3. Hapa ndipo watu huumia. Kile kidirisha cha buluu cha SmartScreen ("Windows protected your PC") hakisemi kuna virusi. Kinasema faili haijulikani vya kutosha. Kabla ya "Run anyway", fungua Properties, kisha Digital Signatures, uone kama jina ni la mtengenezaji. Pitisha faili VirusTotal, tovuti inayoikagua kwa antivairasi nyingi, lakini usipandishe huko chochote chenye siri za mteja, maana faili hizo huonwa na wengine. Mtengenezaji akiwa ametoa SHA-256 (alama ya kidole ya faili), fungua Command Prompt, andika: certutil -hashfile jina.exe SHA256. Linganisha herufi na tarakimu zote 64 na zile alizotoa. Ikipishana moja, futa. Na sahihi ya kidijitali peke yake haitoshi: mwaka 2017 CCleaner 5.33 ilisambazwa na sahihi halali, ndani ina programu hasidi. Ukiambiwa uzime antivairasi kwanza, futa.

4. Kazi za kila siku zifanyie kwenye akaunti ya kawaida, si ya msimamizi.

MASWALI

— Bosi, nilizima Defender, antivairasi ya Windows, ndio Office ya bure iingie. Sasa mashine inakokota.
— Hatua ya 3, mstari wa mwisho. Iwashe, fanya skani yake ya Offline (inayokagua kabla Windows haijawaka), badilisha nywila ukitumia simu. Ukitaka programu ya ofisi ya bure na halali, kuna LibreOffice.

— Niko saiba hapa Nakuru. Fomu ya kodi ya IT1 ya KRA inataka makro (programu ndogo ndani ya faili), Excel inazuia, na foleni ni ndefu. Niruhusu makro zote?
— Hapana, dada, na umefanya vyema kuuliza kwanza. Tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka intaneti. Pakua fomu iTax kwenyewe, tovuti ya kodi ya KRA, funga Excel, ingia Properties ya faili, weka tiki kwenye Unblock. Faili hiyo moja tu.

— Mbona fomu ya mteja kwenye fleshi haizuiwi?
— Hilo ni jicho zuri! Alama ya kwamba faili imetoka intaneti hukaa kwenye NTFS, mfumo wa kuhifadhi faili wa diski za Windows. Fleshi nyingi hutumia mifumo mingine, FAT32 au exFAT, kwa hiyo alama hupotea njiani na Windows hunyamaza. Faili ya fleshi ndiyo ya kukaguliwa zaidi. Sisi hapa Kondele, Kisumu, mteja akileta fomu tupu, tunapakua upya.

— Na Windows Sandbox, ile Windows ya muda iliyotengwa ya kujaribia programu, je?
— Nzuri sana kwa majaribio, ila toleo la Windows Home halina. Inahitaji Pro kwenda juu.