Kisima cha chumvi: kufundisha kemia, fizikia na baiolojia kwa swali moja

Chuo kikitaka kuchanganya fani za sayansi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, mara nyingi kinafanya hivi: mwalimu wa fizikia anaingia wiki nne, wa kemia wiki nne, wa baiolojia wiki nne, na mtihani unakuja na sehemu A, B na C. Hapo kilichochanganyika ni ratiba tu. Mwanafunzi anatoka na madaftari matatu yasiyosalimiana. Mimi nafundisha kemia mwaka wa kwanza hapa Dar es Salaam, na ninachokushauri, mwalimu mwenzangu, ni kutafuta swali moja ambalo hakuna fani inayoweza kulimaliza peke yake, kisha kuhakikisha kwamba jibu la fani moja ndilo linaloanzisha kazi ya fani inayofuata.

Swali langu ni hili: kwa nini maji ya kisima hiki yana chumvi, na chumvi hiyo inafanya nini? Halihitaji utangulizi mrefu. Aliyekulia Mikocheni, Mbezi Beach au Kigamboni anajua sabuni inavyokataa kutoa povu. Na mgao wa maji wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, uliwarudisha watu wengi kwenye visima na madumu.

Anza na makundi. Usiwaache wajichague, maana watakaa kwa kombi zao za kidato cha sita. Weka PCB (fizikia, kemia, baiolojia), PCM (fizikia, kemia, hisabati), CBG (kemia, baiolojia, jiografia) na PGM (fizikia, jiografia, hisabati) katika kila kundi. Wa PCB atakwambia hesabu aliziaga zamani, wa PCM atasema hajagusa darubini tangu kidato cha nne. Wape sharti moja: anayeijua kazi haishiki, anaielekeza kwa mdomo, na asiyeijua ndiye anayeifanya kwa mikono. Mtu wa PCM akielekeza usomaji wa bureti, ule mrija wa vipimo wenye koki, bila kuigusa, utagundua haraka alichokuwa amekariri. Mafundisho rasmi ni kwa Kiingereza, sawa, lakini mezani waache wabishane kwa Kiswahili. Ubishi ndio tunaoutafuta.

Sampuli zisikusanywe kiholela. Chuo kiandike barua kwa serikali ya mtaa, wanafunzi wapige hodi, wajieleze, waombe. Pampu iachwe ivute dakika kadhaa kwanza ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Chupa isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe. Wamuulize mwenye nyumba kina cha kisima, umbali wa choo na karo, na mwezi ambao chumvi huzidi. Waandike kama wanapima kabla au baada ya masika. Vijana wa jiografia wanang'aa hapa, na ni vizuri waanze wao, kwa sababu kwenye sayansi za maabara wamezoea kuwekwa nyuma. Wachukue na chupa moja ya maji ya bahari. Kuonja ni marufuku, hata kama mwenyeji ameonja mbele yao.

Sasa maabara. Tunapima kloraidi, sehemu moja ya chumvi, kwa taitresheni ya nitrati ya fedha, yaani kuidondosha kutoka kwenye bureti mpaka rangi ibadilike, kromati ya potasiamu ikiwa kiashiria. Weka mililita 10 za sampuli kwenye flaski, dondosha kiashiria, maji yanakuwa ya njano. Kila tone la nitrati linaacha wingu jeupe, na rangi nyekundu inaonekana na kupotea. Wafundishe kusimama kwenye dalili ya kwanza ya wekundu usiopotea, kabla flaski nzima haijawa rangi ya tofali. Wanaopitiliza ni wengi, na nitrati ya fedha ni ghali, kwa hiyo tumia myeyusho wa moli 0.01 kwa lita na sampuli ndogo. Maji ya bahari yapunguzwe makali mara 100 kwanza, la sivyo bureti itakwisha bila jibu. Pima pia maji yaliyokenekwa ili ujue kiashiria chenyewe kinakula kiasi gani. Kromati ni sumu: glavu zivaliwe, na mabaki yaende kwenye chombo chake, yasimwagwe kwenye sinki.

Tuseme kundi limetumia mililita 20 za nitrati ya fedha. Hizo ni milimoli 0.2 za kloraidi ndani ya mililita 10, yaani miligramu 709 hivi kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema kloraidi ikizidi miligramu 250 kwa lita ulimi unaweza kuitambua, na maji ya bahari yana takribani 19,000. Mwalimu wa kemia wa kawaida anaishia hapa, anasahihisha, anarudisha vitabu. Usiishie hapa.

Waambie wabebe ile 709 hadi meza ya pili. Ni milimoli 20 kwa lita. Ukichukulia kwamba kila kloraidi ina sodiamu yake, chembe zilizoyeyuka ni milimoli 40. Kwa joto letu la nyuzi 27, hizo zinatoa shinikizo la osmosisi, yaani nguvu ya chumvi kuvuta maji kupitia utando wa seli, la karibu atmosfia 1. Maji ya bahari, kwa hesabu hiyo hiyo, yanafika kama 26. Kabla ya kugusa darubini, kila kundi liandike utabiri: ngozi ya kitunguu chekundu ikiwekwa kwenye maji ya kisima, seli zitafanya nini?

Karibu wote huandika kwamba zitasinyaa. Kwenye maji ya bahari zinasinyaa kweli: ule utando wa zambarau unabanduka kwenye ukuta wa seli mbele ya macho yao, na darasa linapiga kelele. Kwenye maji ya kisima hakuna kinachotokea. Usikimbilie kueleza. Waache warudi kwenye namba yao, mpaka wagundue wenyewe kwamba utomvu wa seli una chembe nyingi kuliko maji ya kisima, kwa hiyo maji hayana sababu ya kutoka. Mimi hili nalipenda kuliko yote kwenye kozi nzima, kwa sababu jibu la baiolojia limetoka kwenye bureti.

Lakini bibi mwenye bustani anakwambia mchicha wake unaungua ncha za majani kwa maji hayo hayo. Basi lipo jingine. Jua linachukua maji kwenye udongo na kuacha chumvi, na kila umwagiliaji unaongeza. Jani nalo linapumua maji nje na kubaki na sodiamu na kloraidi. Oteshani mchicha kwenye makopo, kwa maji ya bomba, ya kisima na ya kisima yaliyochanganywa na ya bomba. Kila aina ya maji iwe na makopo mengi, maana kopo moja dhidi ya kopo moja halithibitishi kitu. Somo la takwimu linaingia hapo bila kuitwa.

Fizikia ijibu chumvi inafikaje. Nunua ule mpira mwangavu ambao mafundi ujenzi wanapimia leveli, ukunje kama herufi U, uweke maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita mpaka kila mkono uwe na zaidi ya sentimita 25. Mimina taratibu, upande mmoja, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yenye rangi. Yakifika urefu wa sentimita 41, upande wa pili chumvi itasimama 40 tu, ukipima kutoka pale yanapokutana. Tofauti ni sentimita moja. Sasa wageuze kuwa mita. Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kivyake, walionyesha jambo hili kwa pwani: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina takribani mita 40 za maji baridi chini yake. Pampu zikishusha kimo hicho nusu mita, mpaka wa chumvi unaelekea kupanda mita 20, kama maji yangekuwa yametulia. Mwanafunzi akiuliza "na yasipotulia?", mpe mjadala wa wiki ijayo auongoze yeye.

Halafu lete kisima cha Tandika, mbali na ufuko, chenye chumvi vilevile. Nadharia ya bahari inatikisika. Vyoo vya shimo na makaro navyo vinatoa kloraidi. Wapime naitreti, ambayo nayo hutoka vyooni: ikiwa juu pamoja na kloraidi, shuku choo kabla ya bahari, na hapo wa maikrobaiolojia aingie na vipimo vya vimelea. Namba moja ya kloraidi haitoshi kumhukumu yeyote.

Kwenye usahihishaji ndiko kozi hizi zinakokufa. Walimu watatu wakigawana kurasa, mmerudi kwenye sehemu A, B na C. Keti pamoja, kila mmoja asome ripoti nzima, na alama kubwa ziende pale namba inapovuka fani: je, vizio vimebadilishwa sawasawa, je, utabiri uliandikwa kabla ya kuona? Kwenye mtihani wa mwisho ninatoa kisima wasichokijua, chenye kina, umbali wa bahari na wa choo, kloraidi na naitreti, kisha nawaomba wataje kipimo kimoja tu cha ziada ambacho wangekifanya, na waseme kila jibu lake lingebadilisha nini.

Matokeo yarudishwe kwa wenye visima kabla ya muhula kufungwa, kwa karatasi moja ya Kiswahili, akiipeleka mwanafunzi yule yule aliyepiga hodi.